Vijana wanaoacha kazi ili watafute furaha: sababu zao na yale sheria inasema

Katika miji yetu ya mashariki, kijana akisema «nimeacha kazi», watu wanamuuliza kwanza: «Walikufukuza?» Ni vigumu kuamini kama mtu anaweza kuandika barua yeye mwenyewe na kutoka. Lakini vijana wa namna hiyo wako, katika maduka, maofisi, mashule na mashirika. Wengi wanatoa sababu moja: wanatafuta furaha. Hapa tunaeleza jambo hilo, na yale ya kujua mbele ya kuweka barua juu ya meza ya patron.

Si hapa kwetu tu

Marekani, mwaka 2021, kisha ugonjwa wa Covid-19 kusumbua dunia, watu zaidi ya milioni 47 waliacha kazi kwa mapenzi yao. Mwaka ule ule, vijana wa China walianza kusema «tang ping», maana yake kulala chali: kufanya kazi kidogo tu ya kupata chakula, na kukataa kukimbizana.

Tofauti na kwetu ni kubwa. Kule Marekani, wakati ule mapatron ndio walikuwa wanatafuta watu. Huku kwetu watu ndio wanatafuta kazi. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la msaada USAID, na miradi mingi ikasimama pamoja na kazi zake. Mwaka huo huo benki zilifunga milango Goma na Bukavu. Anayetoka leo anaacha kiti ambacho wengi wanakiangalia.

Furaha wanayoitafuta ni gani?

Ukiwasikiliza vizuri, mara nyingi neno «furaha» linaficha mambo ya kawaida kabisa: kulipwa kwa tarehe, kupumzika siku moja kwa juma, kutotukanwa mbele ya wateja, na mushahara unaotosha.

Juu ya mushahara, tuangalie mfano mmoja. Mwezi wa tano 2018, serkali iliweka mushahara wa chini kabisa, SMIG, kuwa 7.075 FC kwa siku. Wakati ule ilipita dola 4. Mwaka 2024, dola ilipofika karibu 2.800 FC, feza ile ile ilikuwa karibu dola 2 na nusu. Kazi haikupungua, lakini feza ilipungua nguvu. Ilikuwa lazima kungojea 2025 ili kiwango kipandishwe.

Halafu kuna masaa. Sheria ya kazi inasema masaa hayapite 45 kwa juma, na mfanyakazi apate mapumziko ya masaa 24 yanayofuatana. Kijana anayefungua duka asubuhi na kulifunga usiku, siku zote saba, hana shida ya uvivu. Haki yake ndiyo haiheshimiwi. Ndiyo maana ni vizuri ujiulize kwanza: ni kazi yenyewe inayokuchosha, ao ni patron anayevunja sheria? Kama ni la pili, unaweza kushitaki bila kuacha kazi.

Sheria inasema nini

Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, ndiyo Code ya kazi. Haihusu wafanyakazi wa serkali wenye matrikili. Hao wana sheria yao.

Barua: Kuacha kazi kunafanyika kwa maandishi. Kutokuja tena si demisyo. Andika, na ubaki na kopi iliyotiwa sahihi ya kupokelewa.

Preavi: Kwa kontra isiyo na tarehe ya mwisho, patron anayemutoa mtu anatoa siku zisizopungua 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Mfanyakazi anayetoka mwenyewe anatoa nusu ya hizo. Tuseme umefanya miaka 4: patron angekupa siku 42, basi wewe unatoa 21. Ukitoka bila preavi, unaweza kudaiwa mushahara wa siku hizo.

Kontra yenye tarehe ya mwisho: Hapa angalia sana. Ukiivunja mbele ya tarehe bila sababu ya nguvu, unaweza kuombwa kulipa hasara.

Kosa kubwa la patron: Kama amekupiga, amekutukana vibaya, amekusumbua kimapenzi ao anakata mushahara bila haki, unaweza kutoka bila preavi. Lakini mujulishe kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu ulipojua jambo hilo.

Unachopaswa kupokea: Mushahara uliobaki, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na cheti kinachoonyesha kazi uliyofanya na muda wake. Cheti hicho usikiache, hata kama munaachana kwa hasira. Patron anayefuata atakiuliza.

Mbele ya kutoka

Jambo moja vijana wengi hawalijui: CNSS hailipi mtu juu ya kukosa kazi. Inashugulika na pensheni, hatari za kazini na posho za jamaa. Ukitoka leo, mwezi ujao hakuna mfuko utakaokupa kitu.

Kwa hiyo hesabu feza ya nyumba: kodi, chakula, minervali ya wadogo. Mushahara wa kijana huku kwetu mara nyingi si wake peke yake. Zungumuza na mama, na bibi ao bwana, mbele ya kuandika barua. Anayetaka kuanza biashara, afadhali aijaribu kidogo wakati angali na mushahara, ili aone kama wateja wanarudi.

Na kama munagombana na patron juu ya malipo, usikimbilie mahakama. Sheria inaomba kwanza mwende mbele ya inspekta wa kazi ili awapatanishe. Akishindwa, ndipo unaweza kwenda mbele ya mahakama ya kazi. Beba kontra, kopi ya barua yako na karatasi za malipo: pasipo hizo, neno lako litabaki neno tu.