Jina la Fiona na Siri ya William Sharp

Wengi walisikiapo jina la Fiona hudhani kwamba mabinti wa Uskoti wamelirithi kwa mabibi zao tangu zama za kale, ilhali ukilitafuta katika nasaba za koo za milimani kabla ya karne ya 18 hulipati. Mzizi wake ni mkongwe kweli, ndio ule uliomo katika jina la Fionn, shujaa wa hadithi za Ireland na Uskoti, nao katika Kigaeli wahusu weupe. Lakini kulifanya jina la kike ni kazi ambayo aghalabu hunasibishwa na James Macpherson, aliyetoa katika miaka ya 1760 mashairi aliyodai kuyafasiri kutoka kwa malenga wa kale, Ossian.

Aliyelifikisha majumbani mwa watu, hata hivyo, ni mwandishi William Sharp, mzaliwa wa Paisley mwaka 1855. Mwaka 1894 ilitoka riwaya ya Pharais, na mtungaji wake akatajwa kuwa Fiona Macleod, bibi asiyeonekana hadharani. Kisha vikafuata vitabu vingine vya bahari na imani za watu wa visiwa vya magharibi, hata mshairi W. B. Yeats akawa akiandikiana naye barua. Majibu yalikuja kwa hati ya kike, kwa kuwa Sharp alimpa dada yake, Mary, ayanakili. Na katika kitabu cha wasifu wa mashuhuri, Who's Who, bibi huyo asiyekuwapo duniani alitajiwa hata starehe zake: kusafiri kwa mashua, kutembea vilimani na kusikiliza. Mimi jambo hilo siliiti ulaghai, maana Sharp aliamini kwa dhati kwamba kwa jina hilo aliweza kuandika yaliyomo moyoni mwake, asiyoyaweza kwa jina lake mwenyewe.

Siri ilifichuka alipofariki Sicily, Desemba 1905. Jina halikufa naye: tamthilia yake, The Immortal Hour, iliyotiwa muziki na Rutland Boughton, ilichezwa London mwaka 1922 zaidi ya mara 200 mfululizo, na kufikia miaka ya 1960 na 1970 Fiona lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa mno Uskoti. Filamu ya Shrek ya mwaka 2001 ikalitembeza ulimwenguni. Likafika hata Uganda, alikotoka bingwa wa sataranji Phiona Mutesi wa Katwe, ambaye huliandika kwa Ph.