Mgonjwa Haulizwi Uji: Lugha ya Ridhaa Katika Majaribio ya Tiba, 1947–2021

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni wazi: ambaye haja yake yaonekana kwa macho hapaswi kusumbuliwa kwa maswali, bali apewe. Kwa muda mrefu uganga wa Afrika ya Mashariki, na udaktari wa Ulaya vilevile, uliendeshwa kwa kanuni hiyo. Mgonjwa aliletwa, akatazamwa, akapewa dawa, akanywa. Karne ya 20 ilizua jambo lililoipinga methali hii, nalo ni jaribio la tiba. Katika jaribio, tabibu mwenyewe hajui kama uji alioushika mkononi utamfaa mgonjwa au utamdhuru. Kwa kuwa hajui, hana haki ya kumnywesha kabla ya kumwuliza. Na hawezi kumwuliza bila ya kumweleza kwanza.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya maelezo hayo, kutoka katika mabaraza ya sheria ya Ulaya hadi katika wadi za watoto za Afrika ya Mashariki, na kuonyesha kwamba sehemu yake kubwa ni historia ya lugha. Aghalabu jambo hili limeachiwa madaktari na wanasheria. Ni dhahiri, hata hivyo, kwamba mahali ambapo ridhaa huvunjika mara nyingi ni pale ambapo neno la mwenye elimu hukutana na sikio la mwenye maradhi.

Jaribio bila maelezo

Jaribio ambalo huhesabiwa kuwa kielelezo cha majaribio yote ya kisasa lilifanyika Uingereza, na matokeo yake yakachapishwa mwezi wa Oktoba 1948. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo lilitaka kujua kama streptomaisini, dawa mpya iliyokuwa adimu sana, iliweza kutibu kifua kikuu. Wagonjwa 107 waligawanywa: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko kitandani, na 52 walipewa mapumziko peke yake. Mgawo huo haukufuata hiari ya daktari. Austin Bradford Hill, mtaalamu wa takwimu, alitumia nambari zilizopangwa kwa bahati na kutiwa katika bahasha zilizofungwa. Baada ya miezi 6, katika kundi la kwanza walikuwa wamekufa 4, na katika kundi la pili 14.

Kwa upande wa hesabu, kazi hiyo ilikuwa safi kabisa. Kwa upande wa maneno, palikuwa na kimya. Wagonjwa wa kundi la pili hawakujua, muda wote walipokuwa hospitalini, kwamba wao walikuwa kipimo cha kulinganishia wenzao. Hawakudanganywa kwa neno, walinyimwa neno.

Ajabu ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi wa Agosti 1947, mahakama ya Nuremberg ilikuwa imewahukumu madaktari wa Kijerumani waliowatesa wafungwa kwa jina la utafiti, na katika hukumu hiyo ikaweka kanuni 10. Ya kwanza ilisema kwamba ridhaa ya hiari ya mtu ni sharti lisilokwepeka, na kwamba mtu huyo sharti awe na maarifa na ufahamu wa kutosha ili aweze kuamua. Tangu hapo ufahamu ulikuwa sehemu ya sheria. Na ufahamu hauji ila kwa njia ya lugha.

“Damu mbaya”

Mfano unaoonyesha kwa uchungu zaidi uzito wa neno moja unatoka Tuskegee, katika jimbo la Alabama, Marekani. Tangu 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali iliwachunguza wanaume Weusi wapatao 600. Kati yao 399 walikuwa na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Wenye ugonjwa hawakuambiwa jina lake. Waliambiwa kwamba walikuwa wakitibiwa “damu mbaya”, msemo ambao watu wa huko waliutumia kwa maradhi mengi: upungufu wa damu, uchovu, na mengineyo. Penisilini ilipothibitika kuwa tiba ya kaswende katika miaka ya 1940, wao hawakupewa.

Yafaa itambuliwe kwamba “damu mbaya” ilikuwa lugha nyepesi. Ilikuwa ya watu wenyewe, bila ya istilahi hata moja. Kwa hivyo wepesi wa lugha si dhamana ya ukweli. Maneno ya kila siku yaweza kuwa pazia kama yalivyo maneno ya Kilatini. Kadhia hiyo ilipofichuliwa mwaka 1972 ilizaa sheria mpya nchini Marekani mwaka 1974 na ripoti ya Belmont mwaka 1979, ambayo ilieleza kwamba ridhaa ina nguzo tatu: habari, ufahamu, na hiari. Kabla yake, Azimio la Helsinki lilikuwa limetolewa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, na katika marekebisho ya Tokyo ya mwaka 1975 likaongezewa takwa la kamati huru ya kupitia kila utafiti.

Maneno yaliyokuwapo

Afrika ya Mashariki haikuwa pembeni mwa historia hii. Katika miaka ya 1970, mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika ya Mashariki na ya Uingereza yalishirikiana katika majaribio yaliyodhihirisha kwamba kifua kikuu chaweza kutibiwa kwa miezi 6, badala ya 18, endapo rifampisini itatumiwa. Faida ya matokeo hayo ilienea ulimwengu mzima. Kiswahili, basi, kilikuwa na maneno gani ya kulibeba jambo hili?

Hazina haikuwa tupu, wala haikuwa safi. Kitenzi “kutafiti” kilikuwa karibu na kudadisi na kupekua mambo ya watu, kabla ya vyuo kukipa heshima ya elimu. “Jaribio” lina ndugu yake “jaribu”, na katika lugha ya dini majaribu ni mateso ambayo mja huomba aepushwe nayo. “Chanjo” hutokana na kuchanja, yaani kukata ngozi kwa wembe, na hukumbusha chale za mganga. “Dawa” nayo ni pana mno: humponya mgonjwa, huua wadudu, hung’arisha viatu, na humroga adui.

Juu ya yote lilikuwako neno “mumiani”. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inaeleza kwamba hiyo ni dawa nyeusi mfano wa gundi, iliyosemekana kutoka Uajemi na kutumiwa kwa mifupa iliyovunjika. Lakini kamusi hiyohiyo inaongeza kwamba wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu waliouawa, na kwamba uvumi wa mumiani ulipozuka watu waliogopa kutoka nyumbani baada ya magharibi. Mtu ambaye lugha yake inahifadhi neno la namna hiyo, akiombwa damu kidogo “kwa utafiti”, hapaswi kudhaniwa kuwa mjinga akisita. Anauliza swali la haki: damu yangu yaenda wapi, na ni nani atakayefaidika nayo?

Idhini, kibali, na ridhaa

Karatasi za utafiti katika Kiswahili zimetumia maneno matatu kwa dhana moja. “Idhini” na “kibali” yana harufu ya ofisi: aghalabu aliye juu humpa aliye chini, na kibali mara nyingi ni karatasi yenye mhuri. “Ridhaa” ni hali ya moyo. Mtu huridhia jambo, au huwa radhi nalo. Na mzee huweza kumpa mwanawe radhi au kumnyima. Tofauti hii si ya mapambo. Mama aliyetia dole gumba katika karatasi ametoa kibali. Bado haijulikani kama ameridhia.

Sarufi nayo ina ushahidi wake. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu “hufanyiwa” utafiti, kama vile hufanyiwa upasuaji. Karatasi rasmi husema kwamba “anashiriki”. Kauli ya kutendwa imegeuzwa kuwa ya kutenda, na mgonjwa amekuwa mshiriki. Mabadiliko haya ni mema iwapo mambo yenyewe yamebadilika. Iwapo hayakubadilika, basi kitenzi kimeremba uso tu.

Kilifi: kura, kipozauongo, na neno “hatujui”

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya iliundwa mwaka 1979, na mwaka 1989 mpango wake mkubwa wa pamoja na Wellcome Trust ukaanza Kilifi, kando ya hospitali ya serikali. Hapo Kiswahili ni lugha ya mkutano, lakini mama wengi huota ndoto na kuliwaza watoto kwa Kigiriama, Kichonyi, au Kikauma. Hivyo maelezo husafiri safari mbili: kutoka Kiingereza hadi Kiswahili, kisha kutoka Kiswahili hadi lugha ya nyumbani; na kila kivuko kina ushuru wake.

Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Kilifi, Kombewa, na Siaya nchini Kenya, na Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania. Watoto 15,460 waliandikishwa. Wale wa kundi la kulinganishia hawakuachwa mikono mitupu: wakubwa kidogo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na wachanga zaidi chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Hapa istilahi “kipozauongo”, iliyobuniwa kwa dawa isiyo na nguvu, isingefaa hata kidogo. Kwanza haisemi kweli, kwa kuwa chanjo hizo zilikuwa za kweli. Pili, neno lenye “uongo” ndani yake ni neno zito la kumpa mama aliyekwisha kusikia habari za mumiani.

Mgawo wa makundi nao una taabu yake. “Bahati nasibu” huleta mawazo ya mshindi na mshinde: aliyepata chanjo mpya ameshinda. “Kupiga kura” huleta mawazo ya uchaguzi. Maneno yote mawili hudokeza kwamba tayari inajulikana ni kipi kilicho bora, na hapo ndipo penye kosa.

Jaribio lililothibitisha hatari ya dhana hiyo ni lile lililofanyika kati ya 2009 na 2011 katika hospitali za Kenya, Uganda, na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo. Watoto 3,141 waliofika wakiwa mahututi kwa homa kali na upungufu wa mzunguko wa damu waligawanywa. Baadhi walitiwa maji mengi mshipani kwa haraka, kama vitabu vya tiba vilivyoagiza, wengine hawakutiwa. Madaktari wengi walitarajia kwamba maji yangeokoa. Ikawa kinyume. Katika saa 48, walikufa 7.3 kwa mia kati ya wasiotiwa maji hayo ya haraka, na kiasi cha 10.5 kwa mia kati ya waliotiwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Waliodhaniwa wamekosa bahati ndio waliobahatika.

Katika jaribio hilo, mzazi ambaye mtoto wake hakuweza kusubiri aliombwa kukubali kwa mdomo kwanza, na maelezo kamili yakafuata baada ya hatari kupungua. Utaratibu huu una mantiki yake, kwani hakuna awezaye kusomewa kurasa nyingi huku mwanawe akitweta. Lakini unadhihirisha kwamba zipo nyakati ambapo sentensi mbili au tatu ndizo zote zinazopatikana. Ni sentensi zipi, basi?

Haihitajiki istilahi. Yaweza kusemwa: “Mama, mtoto wako ni mgonjwa sana, na tutamtibu. Kuna namna mbili za kumtibu. Hatujui ni ipi iliyo bora. Ndiyo sababu tunazilinganisha. Si mimi wala wewe atakayechagua namna atakayopata. Ukikataa, tutamtibu vilevile.” Maneno yote hayo ni ya sokoni na kisimani. Lililo zito kuliko yote ni “hatujui”, na hilo ndilo ambalo wafasiri huelekea kulipunguza makali kwa “bado inachunguzwa” au “wataalamu wanaendelea na uchunguzi”. Mfasiri huona aibu kwa niaba ya daktari. Kwa aibu hiyo, humnyima mgonjwa habari pekee inayolitofautisha jaribio na tiba ya kawaida.

Hitimisho

Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya RTS,S itumiwe kwa watoto. Pendekezo hilo lilisimama juu ya ridhaa za wazazi wengi, baadhi yao wakiwa wasemaji wa Kiswahili. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Sheria imekwisha kusema; iliyobaki ni kazi, na kazi hiyo si ya madaktari peke yao.

Taaluma ya istilahi imejitahidi kuunda neno moja kwa kila dhana ya Kiingereza. Hiyo ni huduma kwa wanafunzi na vitabu. Kando ya kitanda inatakiwa huduma nyingine: kujua ni neno gani litaleta hofu isiyo ya haki, ni lipi litaleta tumaini lisilo la haki, na ni wapi sentensi nzima inafaa kuliko istilahi moja. Ujuzi huo hupatikana kwa kuwasikiliza mama, si kwa kuwasomea. Idara za lugha, ambazo kwa miaka mingi zimekusanya methali na tungo vijijini, zina njia na uzoefu wa kuyakusanya pia maswali ambayo wagonjwa huuliza, na yale wanayoyaacha mioyoni kwa heshima.

Methali ya wahenga, kwa hakika, haikukosea. Mgonjwa haulizwi uji kwa kuwa uji unajulikana kuwa uji. Pale ambapo mpishi mwenyewe hajui alichokipika, hapana budi mgonjwa aulizwe, na aulizwe kwa maneno ambayo anaweza kuyakataa.