Chakula cha wagonjwa, chakula cha nyumba

Padri mgeni anayefika Bunia kwa njia ya Mahagi hupita katika milima mibichi ya Djugu, naye huuliza: njaa ilitoka wapi katika nchi kama hii? Swali lake ni la haki. Tangu Jimbo letu liliposimikwa mwaka 1959, milima hiyo ilitulisha maharagi, mihogo, viazi na maziwa, na Ziwa Albert lilitupatia samaki. Lakini ghala halimsaidii mtu aliyefukuzwa mbali nalo.

Vita vilivyoanza mwaka 1999 viliwaondoa watu mashambani. Mwezi wa Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipoondoka, makundi yenye silaha yaligombania mji. Huko Nyakasanza waliokimbilia parokia waliuawa, na mapadri wawili pamoja nao. Maelfu walilala nje karibu na uwanja wa ndege. Ndipo waganga wa Médecins Sans Frontières walipofungua hospitali ya Bon Marché, wakapokea waliojeruhiwa na watoto waliodhoofika.

Wakati ule mtoto mwenye utapiamlo mkali alilazwa, akanyweshwa maziwa ya dawa kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Mama alikaa naye majuma kadhaa. Na wale wadogo wengine, walibaki kwa nani? Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubali njia nyingine: mtoto asiye na ugonjwa mwingine mzito, mwenye hamu ya kula, atunzwe nyumbani. Muuguzi humpima mkono kwa ukanda. Ukiwa chini ya milimita 115, ni rangi nyekundu. Mama hupewa pakiti za karanga zilizosagwa pamoja na maziwa, sukari na mafuta, kila moja gramu 92, kisha hurudi kituoni kila juma.

Hapa twataka kusema jambo ambalo ripoti hulipita upesi. Mara nyingi mtoto alirudi bila kuongezeka uzito, ingawa pakiti zilikwisha. Zilikwenda wapi? Mama mwenye watoto watano hawezi kumlisha mmoja huku wanne wakitazama. Wako waliouita wizi. Sisi, tuliokula sahani moja na ndugu zetu, hatukubali neno hilo. Dawa ilikuwa ya mtoto mmoja, bali njaa ilikuwa ya nyumba nzima. Kwa hiyo vituo vilivyoweza kutoa pamoja na pakiti unga, maharagi, mafuta na chumvi kwa ajili ya jamaa yote vilifanya kazi ya haki zaidi, na posho hiyo ilipokatika, watoto walewale waliokwisha kupona walionekana tena mlangoni.

Mwezi wa Desemba 2017 Djugu iliwaka tena. Mwaka 2018 wakimbizi walijenga vibanda karibu na Hospitali Kuu ya Bunia, na baadaye wengi walihamishiwa Kigonze. Barabara ilipofungwa na silaha, bei ya maharagi sokoni ilipanda hata kwa wenyeji, nao wauguzi wakaanza kupima mikono ya watoto wa majirani zao.

Katika parokia yetu, wakati wa Kwaresima, wakristu huleta kopo la maharagi kwa ajili ya jamaa za watoto wanaotoka kituoni. Wengi wanaoyaleta wamekwisha kusimama wenyewe katika mstari ule.