Moyo wa Kima na Maji ya Risasi

Sultani wa papa aliugua, na dawa iliyotajwa ilikuwa moyo wa kima. Papa mmoja alikuwa na rafiki kima, aliyezoea kumtupia matunda kutoka juu ya mkuyu uliotanda ufukweni. Akamkaribisha kwao, akampakia mgongoni, na walipofika kwenye kina kirefu akamweleza jambo lenyewe. Kima hakupiga kelele. Alisema angeambiwa mapema asingekuja mikono mitupu, kwa maana kima wakitembea huiacha mioyo yao mtini; basi warudi wakauchukue. Papa akageuza. Kima akashika tawi, akapanda, na hakushuka tena.

Kisa hiki kilichapwa London mwaka 1870 na mmisionari Edward Steere, miongoni mwa hadithi alizosimuliwa Unguja. Kilikuwa kimeshasafiri sana kabla ya hapo. Kimo katika Panchatantra ya India, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikiweka kwa Kiarabu katika Kalila wa Dimna, ambamo anayembeba kima ni kobe. Kila kilipopita wanyama walibadilika na maji yalibadilika, lakini moyo ulibaki. Msimulizi hana namna ya kuuacha. Anahitaji kitu kisichouzwa sokoni, kitu ambacho mwenyewe hawezi kukitoa akabaki hai, ndipo mtu aondoke kwao, amdanganye rafiki yake, avuke bahari.

Shakespeare aliijua kanuni hiyo. Katika Macbeth, aliyoiandika karibu mwaka 1606, wachawi watatu wanatumbukiza chunguni chura aliyelala chini ya jiwe baridi, manyoya ya popo, ulimi wa mbwa, nyongo ya mbuzi na tumbo la papa, halafu wanakipoza kitoweo chao kwa damu ya nyani. Papa na nyani tena, safari hii ndani ya chungu kimoja. Msomaji wa Kiswahili alikaribishwa kwenye chungu hicho mwaka 1968, S. S. Mushi alipoitafsiri tamthilia hiyo kwa jina la Makbeth. Mwaka mmoja baadaye Ebrahim Hussein alitoa tamthilia yake, Kinjeketile, na humo dawa ni maji.

Maji hayo hayakubuniwa na Hussein. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, karibu na Rufiji, aliyagawa kweli kuanzia mwaka 1904, akiwaahidi watu kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Yalichanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama, vitu vilivyokuwa katika kila nyumba ya mkulima. Wamatumbi waling'oa pamba ya serikali Julai 1905, na Agosti 4 Kinjeketile alinyongwa Mohoro. Vita vya Maji Maji viliendelea bila yeye hadi 1907. Makadirio ya waliokufa ni kati ya watu 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Kwa hiyo dawa kubwa kuliko zote katika historia ya Afrika Mashariki haikuwa na kiungo hata kimoja cha kushangaza. Ugumu wake ulikuwa kwenye masharti: mpiganaji asimkaribie mwanamke, na asipore. Mtu akianguka, ilieleweka kwamba alivunja mwiko. Naamini ukitaka kuielewa dawa ya vita lazima uanzie hapo, kwenye miiko. Na sehemu iliyonifundisha hivyo ni ile ambayo haitajwi sana mtu anapozungumza juu ya Maji Maji: ziwa Tanganyika, upande wa kaskazini.

Rumonge, nchini Burundi, iko takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa michikichi na mawese, wa samaki wa mukeke na ndagala, na Kiswahili kinatosha kununua vyote hivyo sokoni. Siku anga ikiwa safi, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, na mbele yake rasi ya Ubwari. Huko ndiko Baraka, na juu yake Fizi. Mitumbwi imekuwa ikivuka hapo tangu zamani, ikibeba samaki, chumvi, wachumba, wakimbizi na habari. Mwaka 1964 ilibeba habari za Simba.

Uasi wa Simba ulianza mwaka huo mashariki ya Kongo. Gaston Soumialot aliuandaa akiwa Bujumbura; Uvira ikaanguka katikati ya Mei, na mwanzoni mwa Agosti waasi wakaingia Stanleyville, mji unaoitwa Kisangani leo. Wengi wao walikuwa vijana wenye mikuki na mapanga. Kabla ya kwenda vitani walichanjwa na mganga, chale zikapakwa unga wa dawa, wakanyunyiziwa maji. Kisha wakapewa miiko. Simba asilale na mwanamke. Asiibe. Asiguswe na mtu ambaye hakupewa dawa, hata kwa kushikana mikono. Katika shambulio aende mbele, asitazame pembeni wala nyuma. Walisonga wakiwa wima wakipaza sauti, Mai Mulele, kwa jina la Pierre Mulele aliyekuwa ameanzisha uasi wake mbali sana, Kwilu.

Na ilifanya kazi. Hili lisemwe bila kuzungukazunguka, kwa sababu wengi wanaoandika juu ya dawa huliruka. Wanajeshi wa serikali nao walikuwa wana wa nchi ile ile, waliamini yale yale, na walipoona watu wanakuja wima bila kujificha, wengi walitupa bunduki wakakimbia. Miji ilitekwa namna hiyo. Na mwiko wa kutazama nyuma ulikuwa na kazi nyingine: kijana asiyegeuza shingo hamwoni mwenzake aliyeanguka. Mwiko wa kuiba uliwalinda wanavijiji. Ukiziweka pamoja, amri hizo ni nidhamu ya jeshi, na katika jeshi lisilo na kambi, mishahara wala maofisa wa kutosha, nidhamu hiyo haikuwa na mlinzi mwingine isipokuwa hofu ya kuiharibu dawa.

Aprili 1965 shahidi asiyetarajiwa alivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba. Alikuwa daktari kwa masomo, Ernesto Che Guevara, na katika msafara wa Wakuba waliojipa majina ya namba za Kiswahili yeye aliitwa Tatu. Kumbukumbu zake za Kongo zilikuja kuchapwa miaka mingi baada ya kifo chake, na ndani yake ameieleza dawa kwa makini ambayo sijaiona kwa mwandishi mwingine wa kigeni. Anasema ilikuwa maji yenye utomvu wa majani na vitu vingine vya uganga, yakimwagwa juu ya mpiganaji, na mara nyingi alama ya mkaa kwenye paji la uso. Masharti yalikuwa matatu: usiguse kisicho chako, usimguse mwanamke, usiogope.

Sharti la tatu ndilo lililomkamata Guevara, na ndilo lililonikamata mimi. Nani aliyewahi kwenda vitani asiogope? Aliyejeruhiwa alikumbuka kwamba kweli, dakika ile, moyo wake ulishtuka. Akakubali kwamba kosa ni lake. Aliyekufa hakuwepo kujibu, akabebeshwa makosa yote matatu. Kwa njia hiyo kila risasi iliyoua ilithibitisha kwamba dawa ni ya kweli. Kiungo chake kilikuwa mkaa wa jikoni, lakini sharti lake hakuna binadamu angelitimiza. Msimulizi wa kisa cha kima aliuweka ugumu kwenye moyo wa mnyama. Mganga wa Fizi aliuweka ndani ya kifua cha mpiganaji mwenyewe.

Wakati mwingine hata ulinzi huo haukutosha. Juni 29, 1965 waasi na Wakuba walishambulia kambi ya Front de Force, huko Bendera, na wakashindwa vibaya. Wakuba wanne walikufa. Wapiganaji hawakusema dawa ni uongo. Walisema mganga yule hafai, na akaanza kutafutwa mwingine mwenye uwezo. Baadaye mwaka huo askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walitua karibu na Baraka kwa boti, watu wasioujua mwiko wala kuuogopa mkaa, na Novemba Guevara akavuka ziwa kurudi Kigoma. Vita vya Fizi havikuisha kabisa. Hata katika karne hii, wapiganaji wa Mai-Mai wa upande huo wamekuwa wakinyunyiziwa maji na kupewa miiko.

Jioni ya Aprili 29, 1972, yote haya yaliifikia Rumonge. Makundi yenye silaha yalishambulia mji huo na Nyanza-Lac, kisha yakaelekea Bururi. Yaliua Watutsi, wakiwemo wanawake na watoto, na Wahutu waliokataa kujiunga nayo. Simulizi za wakati ule zinasema waliingia wakipaza jina la Mulele, na kwamba walikuwa na chale na imani kwamba risasi haitawapata. Miongoni mwao, ilisemekana, walikuwamo watu waliovuka kutoka Kongo. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, ikianzia na waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, mapadri, askari. Makadirio huanzia watu laki moja na kufika laki tatu. Wakazi wengi wa ufuo huu waliokoka kwa kukimbilia ziwani, wakaishia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania. Waliorudi baada ya miaka thelathini na zaidi walikuta michikichi yao ikivunwa na wengine, na kesi za ardhi za Rumonge zinatoka huko.

Ninaposoma taarifa za mwaka ule nasikitishwa na jinsi dawa ilivyopewa nafasi kubwa. Chale, bangi, maji ya Mulele: mwandishi mgeni aliyefika kwa siku mbili alikuwa na cha kuandika, na serikali ilikuwa na picha ya adui mwenye wazimu ambaye hana la kudai. Mashamba, ajira, jeshi lililoshikwa na watu wachache wa Bururi, viongozi wa Wahutu waliouawa mwaka 1965, hayo yalihitaji kurasa nyingi zaidi na hayakuwa na mvuto wa chale. Walioua Rumonge usiku ule waliua kwa mapanga, na waliolipiza waliua kwa orodha za majina. Hakuna kati ya hivyo kilichotoka kwa mganga.

Uganda nayo ilipitia njia hiyo ya dawa na miiko mwaka 1986 na 1987, Alice Lakwena alipowapaka askari wake mafuta ya shea na kuwapa kanuni ishirini za kushika. Walifika karibu na Jinja kabla ya kushindwa. Mafuta hayo kila mama wa Acholi anayo jikoni. Kanuni ndizo zilizokuwa jeshi.

Nimeieleza dawa ya zamani kwa kirefu kwa sababu ya dawa nyingine iliyoikumba Burundi mwaka 2008, ambayo kila kitu ndani yake kimepinduliwa. Kuanzia mwaka huo watu wenye ualbino waliwindwa mashariki ya nchi, hasa Ruyigi, na viungo vyao kukusudiwa kuuzwa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ambako mauaji kama hayo yalikuwa yameshaanza na ambako serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi Januari 2009. Ilisemekana viungo hivyo huleta utajiri machimboni na samaki katika nyavu. Hebu linganisha. Mganga wa Fizi alimpa kijana maji na mkaa, kisha akamdai asiibe, asimguse mwanamke, asiogope. Huyu wa sasa hamdai mteja chochote ila fedha. Mteja anaweza kuwa mwizi, mwoga au mzinzi, na dawa yake inahesabiwa kuwa nzima, kwa sababu gharama yote imetupwa kwa mtu mwingine aliyelala nyumbani kwake usiku.

Sitaki kuiita hiyo mila. Wazee wetu walikuwa na dawa za kila aina, nyingine zikiua, na sina haja ya kuwapamba. Lakini binadamu aliyepangiwa bei kwa kiungo kimojakimoja ni bidhaa, na biashara hiyo imeazima tu nguo za mganga. Ndivyo ilivyoshughulikiwa Ruyigi. Makumi ya watu wenye ualbino, wengi wao watoto, walikusanywa mjini chini ya ulinzi. Julai 2009 mahakama ilimhukumu mshtakiwa mmoja kifungo cha maisha na wengine vifungo vya miaka kadhaa. Swali lililokuwa mbele ya majaji lilikuwa nani aliua na nani alikuwa akiuza. Kama dawa inafanya kazi au haifanyi, hilo halikuwa lao.