Waliomfunza Mwalimu wa Ziwani

Neno warsha ni mgeni wa juzi katika kinywa cha mwalimu wa Mwanza. Waarabu, ambao kwao tumelichukua, huliita hivyo banda la fundi, mahali penye randa, nyundo na vumbi la mbao. Sisi tumelitoa bandani tukalipeleka ukumbini, likawa jina la mkutano wa siku mbili tatu ambao watu wazima huketi kufunzwa namna ya kuwafunza wengine. Kabla yake lilitawala neno semina, na kabla ya semina hapakuwa na jina maalumu, ila kazi yenyewe ilikuwapo. Ninayotaka kuisimulia ni tarehe ya kazi hiyo kandokando ya Ziwa Viktoria: wale wanaowafundisha wenzao habari za ardhi, maji, miti na wanyama, wao walifunzwa na nani, wapi, na kwa adabu gani.

Wasukuma walikuwa na vyama ambavyo mgeni akivitazama juu juu huviona kuwa ni vya ngoma tu, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na ngoma yake na mashindano yake baada ya mavuno. Lakini chini ya ngoma ilikuwamo elimu. Bayeye walikuwa mabingwa wa nyoka, Banunguli wawindaji wa nungunungu, na Bayege wawindaji wa tembo. Aliyetaka kuingia katika Bayeye alikwenda porini na mkubwa wake, akaonyeshwa mti kwa mti na mzizi kwa mzizi dawa za sumu, akachanjwa mwilini mwake mwenyewe, na akafungwa kwa kiapo asitoe siri. Hans Cory, mtaalamu wa mila mzaliwa wa Austria aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, aliandika habari za chama hicho mnamo 1946, na leo mwenye hamu anaweza kuona athari za vyama hivi katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, aliyoyaasisi Padre David Clement, Mkanada aliyewapenda Wasukuma kuliko wengi waliotumwa kwao. Sisemi kwamba mafunzo yale yalikuwa kamili. Elimu iliyofungiwa kiapo ni elimu ya wachache, na aliyekuwa nje ya chama hakuwa na la kufanya ila kumtafuta mwenye dawa na kumlipa. Lakini jambo moja lilikuwa thabiti: mkufunzi hakuweza kumfunza mtu habari za nyoka bila ya kuwapo nyoka.

Ng'ambo, katika kisiwa cha Ukerewe, alikuwako mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa kalamu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896 na kulelewa katika elimu ya mapadre, alimaliza mnamo 1945 kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kwa kuchelea kwamba wajukuu hawatayajua waliyoyajua mababu, akatia ndani ya hadithi kilimo, uvuvi, uwindaji, pombe ya ndizi na dawa za miti, kwa uangalifu wa mtu anayeandika wasia. Kitabu kilipigwa chapa kwa Kiswahili mnamo 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 maarifa yale yalilala sandukuni, ilhali shule za pembeni mwa ziwa zilikuwa zikifundisha kwa vitabu vilivyotungwa na watu wasiopata kuonja samaki aitwaye ningu.

Serikali ya kikoloni, kwa upande wake, ilikuja na mwalimu wa namna nyingine, naye ni bwana shamba. Huko Ukiriguru, kusini ya mji, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo tangu miaka ya 1930, ambacho mbegu zake za pamba zilibeba herufi UK, yaani mwanzo wa jina la mahali hapo. Na mnamo 1947, vita vikubwa vikiwa vimekwisha, ukaanzishwa Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakawa Malya. Nia haikuwa mbaya, kwa sababu udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua na ng'ombe walizidi malisho. Ubaya ulikuwa katika njia: mkulima aliamrishwa kufunga matuta na mfugaji kupunguza mifugo, na asiyetii akatozwa faini, hata yule aliyekuja kama mwalimu akaonekana machoni pa watu kuwa karani wa mahakama mwenye daftari la makosa. Mwalimu aliyepewa rungu hupoteza chaki. Chama cha TANU kikazuiwa katika Jimbo la Ziwa tangu 1954 hata 1958, na mwaka huo wa 1958 Geita ikachafuka. Miongoni mwa yaliyowachukiza watu zilikuwamo sheria hizo za matuta na ng'ombe.

Na lililo la ajabu zaidi ni kwamba Wasukuma walikuwa na dawa ya ugonjwa ule. Waliiita ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika, isikanyagwe na ng'ombe, ili majani yake yangoje kiangazi. Ilipofika 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulipoanza kazi kusini ya Mwanza, mabwana misitu wake walipata tija kwa kuirudia ngitili na kuwauliza wazee miti ipi iachwe. Karibu miaka 40 ilipita kati ya Malya na swali hilo.

Tukirudi nyuma kidogo, miaka ya mwanzo ya uhuru ilileta vyuo na mahali pa kujifunzia kwa wingi usiopata kuonekana. Mnamo 1964 kisiwa cha Saanane, ambacho hakifiki hata maili mbili kutoka katikati ya mji, kiligeuzwa bustani ya wanyama, ya kwanza kumilikiwa na serikali. Wakavushwa nyati, simba, twiga, pundamilia na wengineo, ili wananchi wajifunze uhifadhi, na ili baadhi ya wanyama wangojee hapo safari yao ya kwenda kisiwa cha Rubondo. Mnamo 1966 kikafunguliwa Pasiansi chuo cha kuwafunza askari wa wanyamapori, na Nyegezi pakawa na chuo cha uvuvi. Kisiwa kile kilichukua jina la Mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekaa humo, ambaye alihama ili serikali ipate kuweka wanyama. Mtu aliyekijua kila jiwe la kisiwa aliondoka, akaja simba kufundisha badala yake. Silaumu, lakini kila nikilitamka jina hilo hukumbuka kwamba lilibaki lenyewe, mwenyewe hayupo.

Mwezi wa Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, maili mia na zaidi, kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU, miezi michache baada ya kutoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea uliotaka shule isitengwe na shamba. Mwaka uliofuata, 1968, ndipo ulipoanza mjini humo mradi ambao kwa maoni yangu ndio mama wa semina zote za ziwani: mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, makao yake Mwanza, eneo lake mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, muda wake hata 1972. Kisomo hicho hakikumfundisha mtu herufi kwa ajili ya herufi. Vitabu vyake vilikuwa vya pamba, vya migomba, vya ng'ombe, vya uvuvi, na mtu alijifunza kusoma neno wavu ili ajue pia habari za wavu.

Walimu watoke wapi? Vyuo visingetosha. Wakachukuliwa walimu wa shule za msingi wenye nafasi jioni, na pamoja nao majirani waliojua kusoma, wakaitwa walimu wa kujitolea, wakapewa semina ya siku chache, wakarudishwa vijijini. Hebu tumtazame mmoja wao, kijana aliyemaliza darasa la saba, amesimama chini ya mwembe saa kumi alasiri, ubao umeegemezwa shinani, chaki mbili mfukoni, na mbele yake wameketi wavuvi ambao usiku uliopita walikuwa majini na karabai zao wakivua dagaa. Anaandika neno MTUMBWI, anauliza mtumbwi hutengenezwa kwa mti gani. Hapo darasa humgeuka: mzee mmoja anataja mti huu, mwingine anambishia, wa tatu anasema miti hiyo imekwisha, na kijana, ambaye alifunzwa kuuliza swali lakini hakufunzwa jibu, hana budi kunyamaza na kusikiliza. Mradi ule uliishinda Malya kwa kunyamaza huko, maana bwana shamba wa zamani hakuwa na ruhusa ya kunyamaza. Ilitegemewa, bila shaka, kwamba kijana ana akili ya kutosha kutoona haya. Wako walioona haya wakajifanya wanajua, na madarasa yao yakapungua watu wiki hata wiki.

Kisomo kikaenea nchi nzima: mnamo 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma, na mtihani wa taifa wa 1975 ukaonyesha kuwa wamebaki 39 katika kila 100. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilipita katika mkondo huohuo. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadili malaria, kichocho na maradhi mengine, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Na ili vikundi hivyo viwe na viongozi, walifunzwa watu wapatao 75,000 kwa ngazi, wa juu akimfunza wa kati, na wa kati wa chini. Kwa watu wa ufukweni, ambao kichocho hukaa katika maji yaleyale wanayoogea na kufulia, somo hilo halikuwa la nadharia. Lakini maarifa yanayopokezanwa kwa ngazi ni kama maji yanayopokezanwa kwa viganja, kila mkono hupunguza kidogo. Na semina zetu zimeirithi ila hiyo mpaka leo.

Klabu za Malihai, zilizoanzishwa 1980 kwa ajili ya wanafunzi, nitazipita haraka, ingawa zimewalea walimu wengi walezi, wala si haba. Lililowashtua walimu wa ziwani miaka ile halikutoka klabuni, lilitoka majini. Sangara, aliyepandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, aliongezeka mno katika miaka ya 1980, na furu wa aina nyingi wakatoweka. Kisha mwishoni mwa muongo huo likaja gugumaji, likafunga bandari na mialo. Mwalimu aliyefunzwa majina ya samaki akajikuta anafundisha majina ya marehemu. Nchi tatu za ziwa zikatia sahihi mkataba mnamo 1994, na mradi wao wa hifadhi ya mazingira ya Ziwa Viktoria ukaanza 1997. Mbawakavu wadogo wanaokula gugumaji wakalelewa na kuachiliwa ziwani, na pamoja na mbawakavu zikaja warsha, mwezeshaji badala ya mkufunzi, karatasi kubwa za kubandika ukutani, vikundi kazi, na posho ya kutwa, ambayo mtu mwungwana haitaji katika maandishi lakini huiuliza kabla ya chai ya saa nne.

Nilipata kuhudhuria warsha moja ya namna hiyo, ya walimu wa mazingira, katika jumba lililotazama ziwa. Mapazia yalifungwa siku mbili nzima ili picha zipate kung'aa ukutani. Alasiri ya pili joto likazidi, mwalimu mmoja kutoka Ukerewe akainuka akafungua pazia, picha zikafifia, na hapo chini ya dirisha akaonekana mzee akishona wavu juu ya jiwe, mguu wake umeunyoosha wavu kwa kidole gumba. Nusu ya ukumbi ikasimama kumtazama. Mwezeshaji, kwa taadhima zote, akaomba pazia lirudishwe tuendelee na mada, ambayo ilikuwa mbinu za kufundisha nje ya darasa.

Siku ya tatu tulivushwa Saanane, ambayo tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Pimbi walikuwa wakiota jua juu ya miamba. Njiani nahodha wa boti alitueleza asili ya jina la kisiwa, na yule mwalimu wa Ukerewe akamuuliza, "Shikamoo mzee; huyo Mzee Saanane alikuwa akivua kwa wavu au kwa ndoana?" Nahodha akapunguza mwendo, akafikiri, akasema yeye hajui, ila marehemu baba yake angemjibu.