HAMAMU NA AMANA YA MAJI: MAFUNZO KUTOKA CAIRO, BURSA, ISTANBUL NA UNGUJA

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeyajaalia maji kuwa asili ya uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba wake.

Ndugu msomaji, katika fukwe nyingi zinazopokea watalii hujengwa nyumba za kuoga kwa mvuke na kukandwa mwili, maarufu kwa jina la spa. Nyingi hutangazwa kuwa zimejengwa kwa kupatana na mazingira: paa la makuti, kuta za mawe, bustani hadi mlangoni. Imamu anapoulizwa juu ya nyumba hizo, swali huwa ni la stara: je, wanaume na wanawake huchanganyika? Nani humkanda nani? Hayo ni maswali ya haki. Lakini wanazuoni wetu walikuwa na swali la pili ambalo sisi tumelisahau: maji yanachukuliwa kiasi gani, na nani anayakosa?

Mipaka miwili

Watu wa Hijazi hawakuwa na mazoea ya hamamu. Waislamu walizikuta Sham na Misri, katika miji iliyokuwa chini ya Warumi. Hawakuzibomoa, bali waliziwekea mipaka. Mpaka wa kwanza ni stara: katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Jabir (R.A.), muumini amekatazwa kuingia hamamu bila ya shuka ya kujisitiri.

Mpaka wa pili ni kipimo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyokusanywa pamoja. Hicho ndicho kiasi alichotumia mbora wa viumbe kwa josho zima.

Mafaqihi walikutana na tatizo jingine. Mtu hulipa ada ya hamamu bila kubainishwa atakaa muda gani wala atatumia maji kiasi gani. Kwa kiasi (qiyas) cha kawaida, ijara yenye ujinga wa namna hii haisihi. Hata hivyo watu waliiendeleza bila kupingwa, na wanazuoni wa Kihanafi wakaifanya kuwa mfano mashuhuri wa istihsani. Kwa hiyo, kilichobaki kulinda haki ya mwenye hamamu na ya waogaji wengine ni uaminifu wa mteja. Ndiyo maana Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia), katika Ihya, alimtaka mwogaji asimwage maji kuliko haja yake, hasa ya moto, kwa kuwa yana gharama na taabu ya kuyapasha.

Jengo lililokula kilichopo

Mafundi nao walijenga kwa kuchunga gharama hiyo. Hamamu iligawanywa vyumba vitatu: cha baridi, cha vuguvugu na cha joto, ili joto lisipotee kila mlango unapofunguliwa. Kuta zilikuwa nene. Mwanga uliingia kupitia vioo vidogo vya mviringo vilivyopachikwa kwenye kuba, hivyo mchana hapakuhitajika taa, na stara haikuvunjika kwa madirisha.

Mjini Cairo, tanuri za hamamu ziliwashwa kwa taka za mji. Katika majivu yale yale ya moto vilifukiwa vyungu vya maharage ya fuul, vikaiva usiku kucha kuwa chakula cha asubuhi cha maskini na tajiri. Majivu yakipoa, waashi waliyachanganya na chokaa kupata udongo wa kujengea. Taka ikawa moto, moto ukawa chakula, na jivu likawa ukuta.

Bursa, mji ulioingia mikononi mwa Waothmani mwaka 1326, chemchemi za maji ya moto hutoka chini ya mlima Uludağ. Hapo hawakuhitaji kukata kuni kwa ajili ya kuchemsha maji. Hamamu ilifuata chemchemi ilipo. Sultan Murad wa Kwanza alijenga hamamu yake katika kitongoji cha Çekirge katika karne ya 14, na waziri mkuu Rüstem Pasha akajenga nyingine mwaka 1552.

Mtawala aliposema basi

Hata hivyo tusijidanganye kwamba kila hamamu ilikuwa rehema kwa ardhi. Istanbul ilijaa hamamu, na nyingi zilikuwa wakfu wenye makusudio mema. Hamamu ya Cağaloğlu, kwa mfano, ilijengwa mwaka 1741 ili mapato yake yaendeshe maktaba aliyoiasisi Sultan Mahmud wa Kwanza huko Ayasofya. Lakini maji na kuni vilizidi kuhitajika na mji ulizidi kukua. Mwaka 1768, katika zama za Sultan Mustafa wa Tatu, ikatolewa amri ya kuzuia ujenzi wa hamamu mpya kubwa. Kuoga ni halali, na wakfu ni ibada; lakini halali ya wachache ilipoelekea kuwabana wengi, ilizuiwa. Huko ndiko kuchunga maslaha ya umma.

Kidichi na Hamamni

Unguja tunazo athari mbili za historia hii. Mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu ya Kidichi, juu ya kilima, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Bibi Sheherazade. Kuta zake zimepambwa kwa nakshi za chokaa za mtindo wa Kiajemi. Baadaye Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alijenga hamamu ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa kwa watu kwa malipo, na mtaa ukaitwa Hamamni. Barghash huyo huyo ndiye aliyevuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Ya Kidichi ilikuwa ya nyumba ya mfalme. Ya mjini ilikuja pamoja na maji ya watu wote, na hapo ndipo penye tofauti.

Mizani yetu leo

Katika visiwa na fukwe zetu, maji mengi matamu ni ya mvua iliyozama ardhini, yakielea juu ya maji ya chumvi. Kisima kikivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na jirani mwenye ndoo huteka maji asiyoweza kuyanywa. Makuti na mawe ya asili havifuti dhara hiyo.

Basi imamu akiulizwa kuhusu nyumba hizi, aulize kwanza stara, kisha aulize kisima. Na asisite kuanzia msikitini kwake, kwenye bomba la udhu linaloachwa wazi huku mtu akizungumza. Tutawezaje kumpimia mwenye hoteli kwa kipimo ambacho sisi wenyewe tumekiacha?

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie tuwe wenye kuchunga amana zake. Amin. Wallahu a'lam.