Marisol wa Málaga na Biashara ya Watoto Waimbaji katika Sinema ya Hispania

Chini ya utawala wa Jenerali Francisco Franco, uliosimama baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939 na kudumu hadi kifo chake mwaka 1975, watengenezaji wa filamu wa Hispania walijenga aina ya sinema iliyomtegemea mtoto anayeimba. Biashara na siasa zilikutana hapo: kila filamu ilipaswa kupita mikononi mwa wakaguzi, ambao miongoni mwao walikuwamo makasisi, na hadithi ya yatima mwenye sauti tamu anayewapatanisha watu wazima haikuwa na neno la kuwatia shaka, ilhali iliuza tiketi na santuri kwa mpigo mmoja. Njia ilifunguliwa na Marcelino pan y vino ya mwaka 1955, ambayo mtoto wake, Pablito Calvo, alivuma kwa uigizaji. Mwaka uliofuata Joselito, mvulana kutoka Beas de Segura katika mkoa wa Jaén, alitokea katika El pequeño ruiseñor, na tangu hapo wimbo ukawa ndio unaoibeba hadithi.

Joselito ndiye aliyedhihirisha mapema kasoro ya biashara hii, kwamba bidhaa yenyewe hukua. Alizaliwa mwaka 1943, lakini kwa kuwa alikuwa mfupi wa kimo, matangazo yalimpunguzia miaka, naye akaendelea kuigiza utoto akiwa tayari kijana. Sauti ilipoanza kuwa nzito hapakuwa na tangazo la kuificha, na miaka ya 1960 ilipomalizika kazi yake ya filamu nayo ilikuwa imekwisha.

Kwa msichana hesabu ilikuwa tofauti kidogo, maana sauti yake haivunjiki ghafla. Josefa Flores González, ambaye watu wake walimwita Pepa, alizaliwa Málaga tarehe 4 Februari 1948, akalelewa katika corralón, yaani jengo la vyumba vya kupanga vinavyozunguka ua mmoja, ambamo familia za wafanyakazi ziliishi kwa kubanana. Aliimba na kucheza ngoma za kwao katika kikundi cha Coros y Danzas, kilichosimamiwa na Sección Femenina, tawi la wanawake la chama pekee kilichoruhusiwa nchini. Mwaka 1959 kikundi hicho kilipelekwa Madrid na kuonyeshwa kwenye runinga, chombo ambacho hakikuwa kimetimiza hata miaka 3 katika nchi hiyo, na mtayarishaji wa filamu Manuel Goyanes akawafuata wazazi wa mtoto kwa mkataba. Filamu ya kwanza, Un rayo de luz, iliyoongozwa na Luis Lucia mwaka 1960, ilimpatia tuzo ya mwigizaji mtoto katika tamasha la Venice, na jina la Marisol, ambalo hakupewa na wazazi wake, likaenea nchi nzima.

Jinsi umaarufu huo ulivyotengenezwa inastahili kuangaliwa kwa karibu. Nywele zilitiwa rangi zikawa za dhahabu iliyopauka. Mtoto akahamishiwa Madrid, akaishi katika nyumba ya mtayarishaji mwenyewe, mbali na ua wa Málaga. Na filamu zikafuatana kama misimu ya mavuno, Ha llegado un ángel mwaka 1961, Tómbola mwaka 1962, Marisol rumbo a Río mwaka 1963, huku nyimbo zake zikiuzwa kwenye santuri na sura yake kwenye wanasesere na vitabu vya picha. Serikali nayo, ambayo kwa mpango wa uchumi wa 1959 ilikuwa imefungua milango kwa watalii na mitaji ya nje, ilipata sura ya kuchangamsha ya kuonyesha ugenini. Si ajabu, basi, kwamba katika Ha llegado un ángel yatima anaingia katika nyumba ya ndugu zake wenye uwezo jijini Madrid na kuituliza kwa nyimbo, wala hakuna anayeuliza kwa nini yeye hakuwa na kitu.

Waigaji hawakukawia. Luis Lucia huyohuyo alimtoa Rocío Dúrcal katika Canción de juventud mwaka 1962, kisha, mwaka 1965, akamjaribu msichana mwingine wa Madrid, Ana Belén, katika Zampo y yo. Filamu hiyo haikufua dafu, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa bahati ya Ana Belén, kwa sababu aliingia katika jukwaa la tamthilia bila mzigo wa utoto uliokwisha kuuzwa, akajijengea jina la mwigizaji na mwimbaji wa watu wazima.

Marisol alikuwa na mzigo huo. Mwaka 1969 aliolewa na Carlos Goyanes, mwana wa mtayarishaji wake, hivi kwamba mkataba ukageuka ukwe. Ndoa hiyo ilipovunjika aliungana na Antonio Gades, mcheza flamenko mkubwa na mkomunisti, akarejea jina la Pepa Flores. Katika Los días del pasado, iliyoongozwa na Mario Camus na kutolewa Franco akiwa tayari ameaga dunia, aliigiza mwalimu kutoka Málaga anayekwenda kufundisha katika kijiji cha milimani kaskazini ili awe karibu na mpenzi wake, mpiganaji wa msituni anayewindwa na askari. Hadithi ya namna hiyo wakaguzi wa 1960 wasingeiruhusu kamwe, na uigizaji huo ulimpatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary mwaka 1978. Mwaka 1984 aliigiza katika runinga kama Mariana Pineda, mwanamke aliyenyongwa Granada mwaka 1831 kwa kosa la bendera ya wapigania uhuru, na mwaka uliofuata, baada ya filamu ya Caso cerrado, aliacha kazi hiyo akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka 2020 Akademia ya Sinema ya Hispania ilimtunuku tuzo ya heshima ya Goya katika sherehe iliyofanyika Málaga, mji anakoishi. Hakuhudhuria, na tuzo ikapokewa na binti zake watatu, ambao mmoja wao, María Esteve, ni mwigizaji wa filamu.